Kumsindikiza Aliyetangulia: Wakati, Mauti na Urafiki katika Frieren kwa Mtazamo wa Laini Saba

Utangulizi

Hekaya ya safari, jinsi inavyofahamika katika fasihi simulizi na andishi, kwa kawaida ni hadithi ya kuliendea jambo. Shujaa huondoka kwao, hupambana na mazimwi, hushinda, kisha hurejea na hadithi ikaishia hapo. Yafuatayo baada ya marejeo, yaani uzee wa shujaa, kifo chake na maisha ya wale aliowaacha nyuma, aghalabu huwekwa nje ya masimulizi. Filamu ya katuni ya Kijapani iitwayo Frieren inaanzia pale hekaya nyingine zinapokomea. Mfalme wa Mazimwi amekwisha kuuawa, mashujaa wanne wanarudi mjini kwa shangwe, na swali lililosalia ni moja: waliosafiri pamoja wanadaiana nini baada ya safari kwisha?

Kazi hii ilianza kama hadithi ya picha, au manga kama Wajapani waiitavyo, iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe. Ilianza kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Weekly Shōnen Sunday, na mwaka 2021 ikapewa tuzo ya Manga Taishō. Studio ya Madhouse, chini ya uelekezi wa Keiichirō Saitō, iliigeuza kuwa anime, yaani filamu ya katuni ya mfululizo, yenye sehemu 28 zilizoonyeshwa tangu Septemba 2023 hadi Machi 2024. Sehemu hizo 28 ndizo zinazohakikiwa hapa.

Jina la Kijapani la kazi hii ni Sōsō no Furīren. Neno sōsō huhusu mazishi, na hasa ule msafara wa kumpeleka maiti kaburini. Kiswahili kina neno linalokaribiana mno na maana hiyo, nalo ni kusindikiza. Mgeni anayeondoka husindikizwa hadi njia panda. Bibi harusi husindikizwa. Maiti naye husindikizwa. Aidha, Kiswahili hakipendi kusema kwamba mtu amekufa. Husema ametangulia, yaani amekwenda mbele katika njia ileile ambayo waliobaki nao wataipita. Misemo hii miwili, kutangulia na kusindikiza, ndiyo ufunguo wa usomaji unaopendekezwa hapa.

Makala haya yanadai kwamba katika Frieren kumbukumbu si hisia bali ni kitendo, na kitendo chenyewe ni cha kumsindikiza aliyetangulia, hata kama msindikizaji amechelewa kuondoka. Ili kulipima dai hilo, kazi hii inasomwa kutoka Laini Saba, mtaa wa Kibera jijini Nairobi. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa pambo. Mauti huko si dhana ya kifalsafa, wakati hupimwa kwa kodi ya nyumba na ujira wa kutwa, na sehemu iliyokaliwa na watu kwa miaka mingi huweza kubomolewa asubuhi moja. Kazi inayosifiwa kwa mwendo wake wa polepole inapaswa kuulizwa kama ina lolote la kumwambia mtu asiyekuwa na nafasi ya kwenda polepole.

Hadithi na hesabu ya miaka

Frieren ni mjuzi wa sihiri wa jamii ya elfi, viumbe wa hekaya za Ulaya ya kaskazini wanaofanana na binadamu lakini wanaoishi miaka maelfu. Umri wake umepita miaka 1,000. Kwa miaka 10 alisafiri na Himmel, ambaye ndiye shujaa, na Heiter, kasisi mpenda ulevi, na Eisen, mbilikimo mpiganaji wa shoka. Miaka hiyo 10 haifikii sehemu moja ya mia ya umri wake. Walipomaliza kazi yao, usiku mmoja walitazama vimondo ambavyo huonekana mara moja kila baada ya miaka 50. Frieren akaahidi kwamba mara nyingine atawapeleka mahali pazuri zaidi pa kuvitazama, kisha akaenda zake kana kwamba anatoka sokoni kurudi nyumbani.

Aliporejea baada ya miaka 50, Himmel alikuwa kikongwe mwenye upara. Ahadi ikatimizwa, vimondo vikatazamwa, na haukupita muda Himmel akafa. Mazishini watu walinong'ona kwamba rafiki yake huyu hana huzuni. Hapo ndipo Frieren alipolia. Machozi hayo hayakutoka kwa kuwa alimjua sana marehemu. Yalitoka kwa kuwa alitambua kwamba hakumjua. Alikuwa na miaka 10 ya kumuuliza na hakumuuliza. Hadithi yote inayofuata ni jitihada ya kulilipa deni hilo. Akiwa na Fern, yatima wa vita aliyelelewa na Heiter, na baadaye Stark, mwanafunzi wa Eisen, anaipita upya njia ileile ya zamani kuelekea kaskazini, hadi mahali paitwapo Aureole, ambapo inasemekana roho za wafu hupumzika, ili akazungumze na Himmel.

Jambo la kiusanii linalostahili kuzingatiwa ni hesabu ya miaka. Kazi hii haina kalenda ya wafalme wala ya dini. Sehemu baada ya sehemu, hadhira huarifiwa kwamba ni mwaka wa 20 tangu kifo cha Himmel, mwaka wa 27, wa 28, na kuendelea. Kifo cha mtu mmoja kimefanywa kuwa mwanzo wa hesabu. Msomaji wa Afrika Mashariki hatauona utaratibu huu kuwa mgeni, maana wazee wengi waliihesabu miaka yao kwa njaa, kwa vita na kwa vifo. Tofauti ni kwamba katika jamii hesabu ya namna hiyo ni ya wote, ilhali hapa imekuwa ya moyo mmoja na ulimwengu wote umeburutwa kuifuata. Mbinu rejeshi nayo inatumika kwa namna ya pekee. Kila mji ambao Frieren anapita unamrudisha kwenye siku aliyopapita na Himmel, na katika kila kumbukumbu Himmel anaonekana akitenda jambo ambalo maana yake Frieren hakuifahamu wakati huo. Shujaa mkuu wa hadithi kwa hiyo ni mtu aliyekufa katika sehemu ya kwanza, na hadhira humjua kadiri Frieren anavyomjua, yaani kwa kuchelewa.

Sasa na zamani

Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kuelezea dhana ya wakati. Kwa maoni yake, mtu anapokufa haingii mara moja katika zamani. Maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina lake, bado yumo katika sasa. Ni mfu aliye hai. Akifa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu anapozama katika zamani, kule ambako majina hupotea. Nadharia hiyo imepingwa na wengi, hasa pale Mbiti aliposhikilia kwamba Mwafrika wa jadi hana dhana ya wakati ujao wa mbali. Hata hivyo sehemu yake inayohusu majina ya wafu ina manufaa makubwa kwa mhakiki wa kazi hii.

Kwa binadamu wa kawaida, sasa ya marehemu hudumu vizazi vinne au vitano. Frieren anaivunja hesabu hiyo. Yeye peke yake ana uwezo wa kumweka Himmel katika sasa kwa miaka 1,000 mingine. Maadamu yu hai na anakumbuka, Himmel hawezi kuzama. Uwezo huo ndio unaoyafanya majuto yake yawe mazito. Mtu aliyeweza kuwa hazina kubwa kuliko zote ya maisha ya Himmel ndiye aliyeingia njiani na kapu tupu, kwa sababu alipokuwa naye hakuokota kitu.

Heiter analielewa jambo hili kabla ya Frieren. Anapomkuta Fern, mtoto mdogo, amesimama ukingoni mwa genge akitaka kujirusha, hamhubirii dhambi wala adhabu. Anamweleza kwamba yeye mwenyewe anaendelea kuishi kwa sababu akifa yatapotea aliyojifunza kwa rafiki yake aliyetangulia. Kwa mantiki hiyo, aliye hai ni chombo kilichobeba wengine, na kukivunja ni kuwaua mara ya pili waliomo ndani yake. Himmel alimfunza Heiter, Heiter anamwokoa Fern, Fern anamfundisha Frieren kuhesabu siku. Mnyororo huu wa matendo ndio maana halisi ya urafiki katika kazi hii. Urafiki haukomei kwa wawili. Huendelea kupita mikononi mwa watu ambao hawakuonana kamwe.

Sanamu bila jina, jina bila sanamu

Himmel alikuwa na tabia iliyowachekesha wenzake: kila mji waliouokoa alikubali achongewe sanamu, na alichagua kwa makini jinsi atakavyosimama. Hadhira huidhania kuwa ni majivuno mpaka pale anapofichua kwamba alitaka Frieren, atakapobaki peke yake katika siku zijazo, asiwe mpweke. Sanamu hizo kwa hiyo ni barua zilizoachwa njiani kwa msomaji mmoja. Lakini sanamu huota kutu na huzungukwa na magugu. Katika mojawapo ya sehemu za mwanzo, Frieren anatumia takriban nusu mwaka kulitafuta ua la samawati la nyumbani kwa Himmel, ambalo watu wanaamini limetoweka, ili alipande kuizunguka sanamu iliyosahauliwa. Jiwe peke yake halikumbuki; linahitaji mtu wa kupalilia.

Kazi hii inalitia mkazo wazo hilo kwa kumleta Kraft, mtawa wa jamii ya elfi aliye mkongwe kama Frieren. Ipo sanamu ya kale ya mashujaa ambao majina yao hayajulikani tena, na mmoja wao anafanana naye. Waliomjua wote wamekufa. Sanamu ipo, jina halipo.

Fasihi ya Kiswahili inao mfano wa kulinganisha. Katika utendi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Badala ya kuanguka, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuushika upinde wake, na hapo anakata roho. Watu wanamwona wanadhani yu hai, na kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kuteka maji mpaka mama yake anapokuja kumsihi. Mwili wa Liyongo umegeuka sanamu. Lakini sanamu hiyo hufanya kazi kinyume na ile ya Himmel: Liyongo huwazuia walio hai wasipite, ilhali Himmel humwelekeza aliye hai njia ya kupita. Kinachofanana ni kwamba katika tungo zote mbili, anayeivunja baridi ya sanamu ni mtu aliyempenda marehemu na aliyekuja kuzungumza naye.

Laini Saba inatoa hali ya tatu: jina lililobaki bila sanamu. Kibera ilianza kama makazi ya askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake asili, Kibra, ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kuhusu Laini Saba, maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba jina limetokana na laini ya shabaha, yaani mstari ambapo askari walifanyia mazoezi ya kulenga. Midomo ya vizazi iliigeuza shabaha kuwa saba, na leo mgeni huuliza laini sita nyingine ziko wapi. Msitu haupo, askari hawapo, shabaha haipo. Jina limeendelea kutembea baada ya waliolitoa kutangulia, na limebadilika sura njiani kama sanamu inayoliwa na mvua.

Hapo ndipo usomaji kutoka Laini Saba unapoisaidia kazi ya Yamada na Abe kusema zaidi ya ilivyokusudia. Frieren inaelekea kuamini kwamba kisichokumbukwa kwa usahihi kimepotea. Jina la Laini Saba linaonyesha kwamba upo uhifadhi wa aina nyingine, ambamo kitu kinadumu kwa kutumiwa kila siku na watu wasioijua asili yake. Katika jamii nyingi za Kenya mtoto hupewa jina la babu au la jamaa aliyefariki, na mama yake akaitwa kwa jina hilo mtaani kote. Jirani anayemsalimu mama huyo hamkumbuki marehemu, na huenda hakumjua kabisa, lakini amelitamka jina lake asubuhi hiyo. Mtoto anayekimbia uchochoroni ndiye sanamu, na sanamu ya namna hiyo haiwezi kubomolewa na tingatinga. Tarehe 23 Julai 2018, nyumba, makanisa na shule zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, na maelfu wakabaki bila makao. Aliyekuwa na kumbukumbu zake katika kuta za mabati alibaki na majina.

Polepole ya aina mbili

Sifa inayotajwa zaidi kuhusu Frieren ni mwendo wake. Dakika nzima inaweza kupita watu wakila, wakifua nguo, au wakingoja mvua iishe. Mapambano ambayo katika kazi nyingine yangejaza sehemu nzima, hapa humalizwa kwa pigo moja, kisha hadithi ikarudi kwenye chai.

Mwendo huu unakinzana na desturi ya utazamaji iliyoota mizizi katika mitaa ya Nairobi. Katika vibanda vya video, filamu za kigeni hutazamwa zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili, ambaye maarufu zaidi ni DJ Afro. Msimulizi huyo ni fanani kwa maana kamili ya fasihi simulizi: hufasiri, hutania, huwapa wahusika majina ya mtaani, na huwaunganisha watazamaji kuwa hadhira moja. Adui yake mkubwa ni kimya. Pale mhusika asiposema, yeye husema. Frieren ingempa fanani huyo mtihani mgumu, kwa kuwa maana yake nyingi imo katika yale yasiyosemwa. Frieren anapoitazama pete aliyopewa na Himmel, hakuna la kufasiri. Lipo la kungojea.

Mhakiki anaweza kuuliza kama kungojea si anasa. Mkazi wa Laini Saba anayeondoka alfajiri akafuata reli kwa miguu hadi Eneo la Viwanda kutafuta kibarua hana karne za kupoteza. Swali hili ni la haki, na jibu lake limo ndani ya kazi yenyewe, ingawa wasifu wengi hawalioni. Frieren ina polepole ya aina mbili. Ya kwanza ni polepole ya uzembe. Ni ile iliyomfanya Frieren amwache rafiki kwa miaka 50 akidhani ni kitambo kidogo. Hiyo ni polepole ya mwenye mali asiyejua thamani ya shilingi, na kazi hii inaihukumu vikali kuliko inavyowahukumu mazimwi. Ya pili ni polepole ya uangalifu, ambayo mtu hupunguza mwendo kwa sababu amejua kwamba muda ni mchache. Kwa nje hazitofautiani. Anapolitafuta ua la samawati, Fern anahofu kwamba atakaa hapo miaka na miaka, na hofu hiyo ina msingi. Fern ndiye saa ya hadithi. Yeye ni binadamu, anakua, anabadilika kimo kutoka sehemu hadi sehemu, na kila akimwamsha Frieren asubuhi anamkumbusha kwamba wenzake hawana siku nyingi kama yeye.

Mtazamaji wa Laini Saba, basi, haombwi ajifananishe na Frieren. Nafasi yake ni ya Fern, ya Heiter, ya Himmel: ni yule mwenye siku chache anayemfundisha mwenye siku nyingi. Hilo ndilo jambo lenye uzito wa kijamii katika kazi hii. Maarifa juu ya wakati hayatoki kwa mwenye nao tele. Hutoka kwa wanaokaribia kuishiwa.

Desturi za msiba wa mtaani zinaliweka jambo hilo wazi. Mtu anapofariki Laini Saba, mara nyingi hazikwi hapo. Wanubi wana makaburi yao Kibera, lakini wengine wengi husafirishwa kwenda kuzikwa mashambani kwao. Uzito wa kurudishwa nyumbani Wakenya waliushuhudia mahakamani katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, baada ya mjane wake na ukoo kushindania maiti kwa miezi mitano. Kwa maskini hakuna miezi mitano. Gharama ya chumba cha maiti hupanda kila siku. Majirani hukutana jioni baada ya jioni, daftari la mchango hufunguliwa, majina na kiasi huandikwa, gari hukodishwa, na maiti akasindikizwa. Kisha wachache waliokwenda hurudi, na nyumba ya marehemu hupata mpangaji mwingine mwisho wa mwezi. Huzuni yenyewe, iliyokosa nafasi katikati ya hesabu za mchango, huja baadaye, bila kaburi la kuliendea.

Huzuni hiyo iliyochelewa ndiyo ya Frieren. Watu walimnong'ona mazishini kwa kuwa walidhani huzuni ina saa yake rasmi. Kazi hii inakataa dhana hiyo. Inasema machozi yanayokuja baada ya miaka si ya unafiki, mradi yamfanye aliyeyatoa ainuke na kutenda jambo.

Kutoka magofu ya Pate

Ufananisho mwingine na fasihi ya Kiswahili unaionyesha kazi hii inasimama wapi katika mjadala mkongwe. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, mshairi anausemesha moyo wake mbele ya magofu ya Pate. Majumba yaliyong'aa kwa taa na vyombo vya kigeni yamebaki makao ya wadudu na popo. Funzo analolitoa ni kwamba dunia ni hadaa. Moyo na usiitegemee, uelekee akhera.

Frieren naye hupita katika magofu, na kama mshairi wa Pate anaona kwamba kila kitu hupita. Lakini hitimisho lake ni kinyume. Kwa kuwa hupita, vinastahili kutazamwa zaidi, wala si kupuuzwa. Sihiri anayoipenda kuliko zote si ya kuangamiza, bali ni ile isiyo na faida ya kuotesha bustani ya maua, aliyofunzwa na mwalimu wake Flamme. Maua hayo hunyauka. Hata hivyo Himmel alipokuwa mtoto aliyepotea msituni, Frieren alimwoteshea maua hayo, na kwa ajili ya kumbukumbu hiyo alimtafuta alipokuwa mtu mzima. Kitu cha kupita kilizaa safari iliyouokoa ulimwengu. Si lazima mitazamo hii miwili ishindanishwe ili mmoja utupwe. Sayyid Abdallah anawaonya matajiri wanaojenga kana kwamba hawatakufa. Frieren inawaonya wanaopenda kana kwamba wapenzi wao hawatakufa. Maonyo yote mawili yanamhusu mtu mmoja aliyesahau mauti.

Kasoro: sauti ya zimwi

Sifa hizi hazipaswi kuzifunika kasoro. Kasoro ya kwanza ni ya muundo. Tangu sehemu ya 18, hadithi inaingia katika mtihani wa wajuzi wa sihiri wa daraja la kwanza, wahusika wapya wanamiminika, na mapambano yanashika usukani hadi mwisho. Uhuishaji wake ni wa kiwango cha juu, lakini ile hesabu ya moyo iliyojengwa kwa subira inafifia, na Himmel anaonekana kwa nadra.

Kasoro ya pili ni ya kimaadili, nayo ni nzito zaidi. Mazimwi wa hadithi hii wana sura ya binadamu na hunena kama binadamu, lakini mtunzi ameamua kwamba maneno yao hayana moyo nyuma yake. Katika kisa kimoja, zimwi mtoto wa kike aliyemla mtoto wa kijiji analia akimwita mama. Himmel anasita, mkuu wa kijiji anamhurumia na kumlea, na mwishowe zimwi huyo anamuua mlezi wake. Anapoulizwa kwa nini alilitaja neno mama, inadhihirika kwamba kwake ni neno tu linalowazuia binadamu wasiue. Kisa hiki kina undugu wa karibu na ngano za Afrika Mashariki ambamo zimwi huigiza sauti ya mama ili watoto wamfungulie mlango, na kama ngano kinatisha na kinafaulu.

Lakini ngano ya zimwi humfundisha mtoto asifungue mlango kwa mgeni. Haimfundishi mtu mzima kwamba lipo kabila zima ambalo kilio chake ni uongo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoumia vibaya kwa ghasia. Majirani walitenganishwa kwa lugha za mama zao, na reli ikang'olewa. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Ghasia za namna hiyo hutanguliwa na imani kwamba yule wa upande wa pili, hata akilia, analia kwa hila. Kazi inayohimiza kwa sehemu 28 kwamba mtu asichelewe kumjua mwenzake imejitengea kundi moja la wasemao ambalo kulijua ni upumbavu na kulisikiliza ni kufa. Mtunzi anaweza kujitetea kwamba mazimwi si watu. Utetezi huo unatosha ndani ya hekaya. Mahali ambapo watu waliwahi kuitwa si watu, msomaji ana haki ya kuupokea kwa tahadhari. Ikumbukwe pia kwamba aliyesita mbele ya kilio kile alikuwa Himmel. Hadithi inasita pamoja naye kwa kitambo tu, kisha inaamua kwamba alikosea.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Frieren inaifanya kumbukumbu kuwa safari, na safari kuwa namna ya kumsindikiza aliyetangulia. Kwa kuitazama kwa dhana za sasa na zamani, imebainika kwamba uhai mrefu si neema kwa asiyejali, na kwamba wenye siku chache ndio walimu wa wakati. Kwa kuilinganisha na Liyongo na Al-Inkishafi, imebainika pia kwamba maswali yake si mageni katika Kiswahili, ingawa majibu yake yanaachana nayo. Usomaji kutoka Laini Saba umeiongezea jambo ambalo kazi yenyewe haikulisema: kwamba wasio na uwezo wa kuchonga mawe huhifadhi wafu wao katika majina, katika daftari la mchango, na katika mwendo wa usiku wa gari lililobeba jeneza na majirani.

Lililobaki ni swali la Himmel, aliyesimamisha sanamu njiani kwa ajili ya rafiki ambaye bado hakujua kuhuzunika. Alimwamini kwamba siku moja angepita tena na kuelewa. Desturi ya kusindikiza ina kanuni moja ambayo kila mwenyeji aijua: msindikizaji hafiki na mgeni hadi kwake. Hufika mahali akasimama, akaagana naye, akarudi. Frieren hajakubali bado kusimama. Anaendelea kwenda kaskazini, miaka karibu 30 baada ya mazishi, akitumaini kumkuta. Huku nyuma yake Fern anakua, naye ni wa kujuliwa leo.